Jumla bila kujumlisha

SWALI: Mdogo wangu anaishi Buffalo, Marekani, na majira haya ya baridi theluji imewaandama. Mwezi uliopita aliniandikia kwamba theluji "imefika inchi 70". Juzi akaniambia "imefika inchi 82", lakini kwenye picha aliyotuma theluji ya uwanjani kwake haifiki hata magotini. Nilipomuuliza akasema hiyo ni jumla ya msimu. Je, neno hilo ni sahihi, au aseme kina, au kiwango? Na theluji hunyesha au huanguka? (Msomaji, Ujiji, Kigoma)

JIBU: Ndugu yangu wa Ujiji, mdogo wako amelitumia neno hilo vizuri kuliko taarifa nyingi ninazozisikia redioni hapa Tabora. Hiyo ni jumla kwelikweli, kwa sababu kuna mtu aliyekaa akajumlisha. Huko kwao mpimaji huweka ubao mweupe mahali pa wazi, theluji ikatua juu yake, akaipima kwa rula, kisha akaufagia ubao na kuuweka tena juu ya theluji. Haruhusiwi kuufagia zaidi ya mara moja kila saa sita, maana theluji ikikaa hujishindilia kwa uzito wake yenyewe, na anayepima kila baada ya nusu saa atapata hesabu iliyovimba. Vipimo vya siku vinajumlishwa, kisha siku zinajumlishwa. Msimu wao unahesabiwa kuanzia tarehe 1 Julai hadi 30 Juni ili mwaka mpya usiukate katikati, na sisi wa Tabora tunalielewa hilo, kwani mvua zetu za msimu huanza Novemba zikaishia Aprili ya mwaka unaofuata.

Kwa hiyo inchi 82 ni zote zilizoanguka tangu msimu uanze. Nyingine zimeyeyuka, nyingine zimejishindilia, nyingine zimepeperushwa na upepo. Ile iliyolala ardhini leo ndiyo yenye kina, na kina hupanda na kushuka. Jumla ya msimu haishuki. Buffalo hiyo hiyo, msimu wa 1976 hadi 1977, ilipata jumla ya inchi 199.4, yaani zaidi ya mita tano, wala hakuna siku theluji hiyo yote ililala barabarani kwa pamoja. Katika mlima Mount Baker, jimbo la Washington, msimu wa 1998 hadi 1999 jumla ilifika inchi 1,140, karibu mita 29.

Mtazame muuza dagaa wa mwalo wa Kibirizi. Jumatatu amepokea ndoo nne, Jumanne tano, Jumatano ziwa limechafuka hakupata kitu, Alhamisi tatu. Jumla ya wiki ni ndoo 12. Ukifika Ijumaa asubuhi ukamkuta na ndoo mbili, hajakudanganya, kumi zimeshauzwa. Muulize "unazo ngapi?" atajibu mbili. Muulize "umepokea ngapi?" atajibu 12. Mchana akiletewa ndoo moja na huku zile mbili zimeondoka, jumla imekuwa 13 ingawa mbele yake ipo moja. Mama huyo hajawahi kuchanganya maswali hayo mawili na hathubutu, kwa sababu mtaji wake uko hapo.

Wanaoyachanganya ni wenye vipaza sauti. "Jumla ya mtu mmoja amejeruhiwa." Amejumlishwa na nani? "Jumla ya mabasi mawili yamegongana." Kwani mabasi hugongana mangapi hata tuhitaji kuyajumlisha? Linalonichoma zaidi ni hili: "jumla ya kiasi cha fedha shilingi milioni tano". Shilingi ni fedha, milioni tano ni kiasi, na hakuna kilichojumlishwa. Maneno matatu yamepandishwa jukwaani bila kazi, na msikilizaji anaambiwa huo ndio ufasaha.

Sarufi yenyewe inawaumbua. Katika "Jumla ya wanafunzi 412 wamefanya mtihani", kitenzi kimewafuata wanafunzi. Jumla imetangulia mbele, haina hata kitenzi cha kuitii. Iondoe: "Wanafunzi 412 wamefanya mtihani." Hakuna kilichopungua. Sasa jaribu kwa mdogo wako: "Jumla ya theluji ya msimu imefika inchi 82." Kitenzi kinaitii jumla. Ukiiondoa, "theluji imefika inchi 82", mtu wa Ujiji anadhani milango imezibwa. Ndiyo kosa la ujumbe wake wa kwanza kwako: aliliacha neno ambalo sentensi yake ililihitaji, wakati wengine wanalimwaga pasipohitajika.

Nitakubali jambo moja. Mtangazaji akisema wavulana ni 200, wasichana 212, na jumla ni 412, sina ugomvi naye. Amejumlisha mbele yetu. Na asili ya neno, ambalo tumelipata kwa Waarabu, inamuunga mkono, kama inavyoonekana katika bei ya jumla na katika kitenzi jumlisha.

Kiwango ni neno la kukwepa kazi. "Kiwango cha theluji ni kikubwa" hakikuambii kama ni cha leo, cha msimu, au cha kilicholala ardhini. Kwa mvua tumelizoea na madhara yake ni madogo, kwani mvua ikishanyesha inazama ardhini au inatiririka ziwani, hakuna anayepima iliyobaki uwanjani. Theluji hubaki, ndiyo maana inadai maneno mawili. Mwambie mdogo wako aandike hivi: "Hadi leo jumla ya theluji ya msimu huu ni inchi 82, iliyopo ardhini ina kina cha inchi 9." Akiitaka kwa sentimita, azidishe kwa 2.54.

Kuhusu kitenzi, mimi nasema theluji huanguka, kwa kuwa kunyesha nakusikia ndani yake maji yanayolowesha. Lakini theluji hutoka mawinguni kama mvua, na wapo wasemaji wazuri wanaosema imenyesha. Hao siwasahihishi.