Mbwa wa dungu hatengenezwi kwa wiki moja

Kila mwaka yale yale. Mahindi yakitoa ndevu ndipo mtu anakumbuka kwamba ana mbwa wa kulinda shamba pale dunguni, kwenye kibanda cha juu cha mlinzi. Tangu korosho ziishe mnyama amefungwa chini ya mwembe, kiuno hakionekani kwa unene, halafu usiku mmoja anafunguliwa akapambane na nguruwe pori. Wadogo zangu wa Masasi, Newala na Nachingwea, mwaka huu tuelewane.

1. Hesabu kurudi nyuma. Mahindi yaliyopandwa Desemba huanza kuita nguruwe kuelekea mwisho wa Februari. Toa wiki 8 za zoezi, unaanza mwanzoni mwa Januari. Wiki 2 za kwanza ni kutembea naye kwa kamba, dakika 20 hadi 30, siku 5 kwa wiki. Baada ya hapo ongeza dakika 5 hadi 10 kila wiki. Wiki ya 5 ndipo mwachie akimbie vipande vya dakika 2, katikati anatembea. Pumzi huja upesi, kano na ngozi ya nyayo huchelewa. Hapo ndipo mnapodanganyika: wiki ya 3 mbwa anarukaruka, mnasema yuko tayari, wiki ya 4 anachechemea na mnamsingizia jirani kampiga jiwe.

2. Pikipiki. Hili tuseme taratibu, maana hata sisi wakongwe wa kuamia, yaani kulinda mazao shambani, tusijifanye watakatifu. Saa 4 asubuhi mtu anawasha pikipiki kwenda shamba, anapiga mluzi, mbwa anafuata. Pikipiki haichoki, na mbwa kwa kumpenda bwana wake hasimami. Sasa, mbwa hatoki jasho kama wewe. Anapoa kwa kuhema, na Januari, mvua ikishanyesha na jua kurudi, hewa imejaa unyevu hadi kuhema hakusaidii kitu. Tazama ulimi: ncha inatanuka kama upawa. Ute unakuwa mzito, unaning'inia. Fizi zinaiva kama nyanya, kisha miguu ya nyuma inayumba. Hapo joto la mwili limeshapita nyuzi 40, wakati la kawaida ni 38 hadi 39.

Halafu linakuja kosa juu ya kosa. Mmoja anammiminia maji mdomoni kwa nguvu, yanaingia mapafuni. Mwingine anamfunika gunia bichi na kuondoka. Gunia linapata joto, linageuka blanketi. Mpeleke kivulini, mwagia maji mwili mzima, zaidi tumboni, kwapani na kwenye kinena, ndoo baada ya ndoo, huku mwingine anampepea kwa kanga. Maji ya kunywa anywe mwenyewe, kidogo kidogo. Akipoa mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama anatikisa mkia, kwa sababu figo na damu huharibika saa nyingi baadaye. Jioni anakula vizuri, kesho yake mnachimba shimo.

Kwa hiyo zoezi ni saa 11 alfajiri, saa 1 na nusu mmerudi. Kwa njia ya mchanga, weka mgongo wa kiganja chini na uhesabu hadi 7. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua.

3. Chakula kikuu ni jioni, baada ya kupumzika walau saa 1. Akikimbia na tumbo limejaa, tumbo laweza kujisokota. Ugali wa muhogo mtupu unanenepesha tu, changanya dagaa waliooshwa kuondoa chumvi. Korosho mbichi asitafune, mafuta ya ganda yanaunguza mdomo.

4. Kupe: kagua masikio na katikati ya vidole kila siku. Fizi zikiwa nyeupe, acha zoezi, apimwe damu. Mlio upande wa Liwale kwenye mbung'o, jicho likiingia ukungu na mbwa ana homa, msikimbilie kusema kaingiwa na mchanga. Huenda ni ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o.

5. Chanjo ya kichaa cha mbwa, kila mwaka. Sibishani.

Kabla ya usiku wa kwanza, mkimbize dakika 10 kisha apumzike 10. Kama bado anahema kwa nguvu, abaki nyumbani, kwa sababu nguruwe dume hamkimbii mbwa aliyechoka. Anageuka na meno. Kati ya mbwa waliofaulu fungua wawili tu, na kazi yao ni kumtoa nguruwe shambani. Akishavuka mpaka wa shamba, waite warudi chini ya dungu.