Matembezi ya Familia Kando ya Bwawa la Igombe

SWALI: Mhariri, salaam. Tunaishi Tabora mjini na tuna watoto watatu, wa mwisho akiwa na miaka minne. Tungependa kuwapeleka Bwawa la Igombe Jumapili moja ya Septemba, watembee ukingoni na msituni. Je, kuna la kuhofia?
Baba wa Watatu, Tabora

JIBU: Ndugu msomaji, nendeni, ila mwanze asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, maana mtoto wa miaka minne huanza safari kwa mbio na kuimaliza mgongoni mwa baba yake. La kuangaliwa zaidi ni maji: penye maji yaliyotulia na majani huweza kuishi konokono wanaoeneza kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi bila mtu kuhisi, hivyo watoto wasiingize hata miguu, wajapolia (na watalia). Wavuvi nao muwaulize kuhusu mamba. Msituni msivae buluu iliyokoza wala nyeusi, rangi zinazowavuta mbung'o, na mkiona mzinga wa gogo umetundikwa mtini, pitieni mbali, kwani una mwenyewe na nyuki hawana mzaha.

Majira hayo miyombo huchipua majani mekundu kabla ya mvua, hata mgeni hudhani yameungua. Mtoto alishike moja juani, aone mishipa yake inavyong'aa. Mkiona bwawani ni mbali, Kwihara, penye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, iko karibu zaidi na mji.