"Mara tatu ya" au "mara tatu zaidi ya"?

SWALI: Ninafundisha hisabati shule ya msingi hapa Ujiji, Kigoma. Niliwapa wanafunzi fumbo hili: "Zuwena ana ndoo za dagaa mara tatu zaidi ya Hamisi. Kwa pamoja wana ndoo 48. Kila mmoja ana ngapi?" Wengi walimpa Hamisi 12 na Zuwena 36. Wachache wakageuza, Hamisi akawa na 36. Mmoja alimpa Hamisi 9.6, na mwalimu mwenzangu anasema huyo hajakosea. Ni kweli?

JIBU: Mwenzako ana hoja, Mwalimu. "Mara tatu ya" haina utata: ndoo za Hamisi zikiwa h, za Zuwena ni 3h. Ila "zaidi ya" hutaja kilichoongezeka juu ya kilichopo. Anayelipa neno hilo uzito wake atasema Zuwena ana h kama Hamisi, na juu yake 3h, jumla 4h. Wote wawili wanakuwa na 5h = 48, na h ni 9.6. Pale mwaloni Kibirizi ukisema "mara tatu zaidi" hakuna atakayebisha, kwa kuwa ndoo zenyewe zinaonekana. Karatasi ya mtihani haina ndoo. Andika "mara tatu ya", na "zaidi ya" iache kwenye kujumlisha: "ana ndoo 24 zaidi ya Hamisi", au "anamzidi Hamisi kwa ndoo 24".

Huyo wa 9.6 mpe alama zake. Desimali ingeweza kumshtua, lakini ndoo isiyojaa nayo ipo.

Wanaonipa wasiwasi ni wale waliogeuza. Bila shaka waliandika 3z = h, wakifuata mpangilio wa sentensi: Zuwena, tatu, Hamisi. Na ukiwaambia wahakiki kwa kujumlisha, watapata 48 na kurudi kukaa wameridhika. Kosa hili si la watoto peke yao. Mwaka 1982 mtafiti John Clement wa Marekani aliandika juu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi ambao, walipoambiwa wanafunzi ni mara sita ya maprofesa, baadhi yao waliweka 6 upande wa wanafunzi. Herufi wameifanya kifupi cha mtu, badala ya idadi ya vitu alivyonavyo. Muulize mtoto: nani ana ndoo nyingi? Kisha achukue 2 aiweke mahali pa z katika mlinganyo wake, aone Hamisi anapata ngapi.

Hukuuliza, lakini kuna mtego mwingine ambao Kiswahili chenyewe kimetutegea. "Kuzidi" ni habari ya kujumlisha, "kuzidisha" ni habari ya mara. Ukisema "namba moja inazidi nyingine kwa 5", mtoto aliyekariri jedwali la kuzidisha ataandika 5n mahali pa n + 5, na ukimtia kosa bila maelezo atadhani hesabu ndiyo iliyomshinda.

Kwa hiyo wakati wa masahihisho usiruhusu ufutio. Mlinganyo uliokosewa ubaki, na pembeni yake mwanafunzi aandike kwa maneno yake huo mlinganyo unasema nini. Aliyeandika 3z = h atalazimika kuandika kwamba ndoo za Hamisi ni mara tatu ya za Zuwena, na hapo asome tena swali lako.