Kloridi ya alumini ikishafanya mabonge, usiikaushe

Ndugu, umeuliza kama kloridi ya alumini iliyofanya mabonge, inayofuka moshi mweupe ukifungua chupa, unaweza kuikausha kwenye oveni ili uitumie kuunganisha asetili kloridi na benzini. Tafadhali usijaribu. Ikishanyonya unyevu wa hewani, moto hauirudishi ilivyokuwa: inavunjika, inatoa gesi ya haidrojeni kloridi, na unabakiwa na oksidi ya alumini isiyokufaa kwa kazi hiyo. Ule moshi ndiyo gesi yenyewe ikikutana na unyevu.

Inayofanya kazi kama kichocheo, yaani kitu kinachochochea mmenyuko, ni ile kavu kabisa. Alumini yake ina upungufu wa elektroni, hivyo huivuta klorini ya asetili kloridi, na kipande kinachobaki kikaivamia benzini. Wanakemia Friedel na Crafts walilionyesha hili Paris mwaka 1877. Kwako wewe, weka zaidi ya moli moja (kipimo cha kemia cha kiasi cha dutu) kwa kila moli ya asetili kloridi, maana ketoni inayotokea hukishikilia kichocheo na haikiachii mpaka umalizie kwa maji mmenyuko ukishakwisha. Wengi hukwama hapo.

Viwandani kloridi hii imetumika sana kutengeneza ethilibenzini, malighafi ya stairini inayotengenezewa plastiki, ingawa viwanda vingi vimehamia zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo sana, kukwepa kutu na taka za asidi.

Agiza chupa mpya. Ya zamani ifungue taratibu ndani ya kabati la kuvuta hewa, uso ukiwa mbali, kwani huenda gesi imejibana humo. Hiyo ya zamani usiimwagie maji kamwe; mkabidhi fundi wa maabara aiondoe kwa njia salama.