Kwa nini Kupaa kwa Yesu kunaitwa "Himmelfahrt"?

Ndugu yangu, umeuliza: kama kwa Kijerumani fahren ni kwenda kwa gari, mbona sikukuu ya Kupaa kwa Bwana inaitwa Himmelfahrt (Himmel, mbingu, na Fahrt, safari, litokanalo na fahren)? Yesu alipanda basi?

Nimecheka, ila swali ni zuri. Zamani fahren ilikuwa kusogea kutoka hapa hadi pale, kwa namna yoyote: kwa miguu, farasi, hata mashua. Maana ya kwenda kwa chombo cha usafiri ilikuja kutawala baadaye. Ile ya kale imejificha kwenye maneno mengine. Vorfahren, mababu, ni waliotangulia safarini, kama sisi tunavyosema "waliotutangulia". Fertig, yaani tayari, asili yake ni mtu aliye tayari kusafiri. Ninalolipenda zaidi ni erfahren: kwanza lilimaanisha kufika au kupita mahali kwa kusafiri, kisha likawa kupata habari, kujua. Ndiyo maana uzoefu ni Erfahrung. Wahenga wetu nao walisema kutembea kwingi ni kuona mengi.

Kwa matumizi ya leo, usibebe "kwenda" yetu nzimanzima. Kwa miguu ni gehen, kwa basi au treni fahren, kwa ndege fliegen. Ukisema "Ich gehe nach Berlin" (naenda Berlin), watu wanaweza kudhani unahamia huko.

Na wakati uliopita: ich bin gefahren, nilisafiri, lakini ukishika usukani mwenyewe na kulitaja gari, ich habe das Auto gefahren. Hapo ndipo wengi hukwama, mimi nikiwemo.