Kishona nguo hakifi kwa dawa: kabla hujamlaumu mwenye duka

Mkuu, umesema umepiga glifoseti, ile dawa ya kuua magugu, mara mbili kabla ya kupanda mahindi, nyasi zote zimekauka, gugu la kishona nguo limebaki kijani, na sasa unataka kwenda kudai hela yako duka la pembejeo kwa sababu umeuziwa feki. Subiri kwanza. Mimi yalinikuta hayo hayo huku Mbozi, nikamtolea mtu maneno mazito mbele ya wateja wake, na hakuwa na kosa.

Dawa feki zipo, wala sibishi. Ila feki haichagui: ingekuwa maji ya rangi, hata nyasi zingebaki. Magugu yakibaki kwa mistari, angalia nozeli na mwendo wa mpigaji. Yakibaki yale makubwa yenye maua tu, ulichelewa kupiga. Kilichonifumbua macho mimi ni miche miwili ya kishona nguo, kimo kimoja, imeachana kama shubiri. Mmoja ulikauka kabisa. Wa pili ulinyauka siku chache, kisha ukachipua upya. Bomba lile lile, asubuhi ile ile.

Nikachuma mbegu za miche iliyopona, na nyingine nikazichuma kwenye makaburi yetu ya ukoo ambako dawa haijawahi kufika. Nikazipanda kwenye makopo, zilipofika majani manne nikapiga kwa kipimo cha kwenye lebo. Baada ya wiki tatu makopo ya makaburini yalikuwa yamekufa yote. Ya shambani kwangu, zaidi ya nusu yako hai. Nilirudi dukani kuomba radhi.

Wengi husema gugu "limezoea" dawa, kama mtu anavyozoea pilipili. Hapana, mche haujifunzi kitu. Katika mamilioni ya mbegu zilizolala udongoni, huwamo chache sana zilizozaliwa na tofauti ndogo. Glifoseti huua kwa kukaba kimeng'enya kimoja, yaani kichocheo cha kazi za mwilini, ambacho mmea hukitumia kutengeneza malighafi ya protini zake. Sasa kuna mche ambao kimeng'enya chake kina umbo tofauti kidogo, dawa haikishiki. Kuna mwingine unaoizuia dawa isisambae mwilini. Miche hiyo ilikuwepo kabla hujanunua bomba, imefichwa na wingi wa wenzake. Ukipiga dawa, unawaondoa wenzake wote na kuuachia shamba. Na kishona nguo kimoja huweza kutoa mbegu 3,000 hadi 6,000: zile ndefu za katikati huota upesi, zile fupi za pembeni hungoja ardhini. Kwa hiyo msimu wa kwanza huoni kitu, baadaye unaona kiduara kidogo ukidhani ulikiruka, halafu siku moja ni shamba zima. Mimi nilipiga glifoseti peke yake misimu tisa mfululizo.

Kishona nguo hiki hiki kilisharipotiwa Kenya mwaka 1989, kwenye kahawa, kikiwa sugu kwa parakwati, dawa nyingine ya magugu. Na huko Georgia, Marekani, katikati ya miaka ya 2000, aina moja ya mchicha pori ilianza kuishinda glifoseti kwenye mashamba ya pamba. Wataalamu walipoichunguza wakakuta baadhi ya miche ina nakala zaidi ya 100 za jeni inayotengeneza kile kimeng'enya, kiasi kwamba dawa haitoshi kuvikaba vyote. Wakulima wenye matrekta makubwa wakarudi kuajiri watu wa kupalilia kwa jembe.

Kosa langu kubwa lilikuwa kubadilisha chupa nikidhani nimebadilisha dawa. Majina matatu, rangi tatu za lebo, ndani glifoseti ile ile. Soma yale maandishi madogo yanayotaja kemikali. Kosa la pili ni kupunguza kipimo ili lita moja ifike mbali. Dozi pungufu huacha hai hata miche yenye ustahimilivu wa nusu, nayo inazaa.

Wewe usipige mara ya tatu. Ng'oa au palilia hicho kilichobaki kabla hakijatoa mbegu, hata kama ni vibarua wa siku mbili. Msimu ujao tumia dawa ya kundi lingine, yaani inayoua kwa njia tofauti, mwulize bwana shamba inayofaa mahindi, na uwe mwangalifu na 2,4-D, dawa ya magugu ya majani mapana, kama jirani ana maharage, kwa sababu upepo ukiipeleka huko utamwulia zao lake. Mimi nimerudisha palizi moja ya jembe, napanda maharage katikati ya mahindi yafunike udongo mapema, na nikitoka kwenye kile kiduara navua suruali na kuchambua mbegu zilizoning'ang'ania kabla sijavuka mpaka. Huu ni msimu wa nne. Kiduara bado kipo, kimebaki ukubwa wa banda la kuku, na kila wiki napita na jembe.