Mdunguaji wa vichochoroni: upinde wa futi 600 katika mji wa njia nyembamba

Msomaji mmoja wa Langoni, Lamu, ameniandikia wiki hii. Anacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kurusha dadu, na wenzake wanne kila Jumamosi baada ya Isha, na mhusika wake ni faita (fighter, mpiganaji) wa ngazi ya 5 mwenye upinde mrefu. Aliuchagua upinde huo kwa sababu kitabu kinasema unafika futi 600. Tangu waanze, hajapiga mshale hata mmoja kupita futi 50. Msimamizi wao, anayeendesha mchezo, amechora mji unaofanana na Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu: kuta ndefu, kona kila baada ya hatua chache, vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana, mmoja hungoja. Adui humtokea uso kwa uso. Anauliza kama amtupe mhusika huyu aanze upya.

Asimtupe. Wengi wanaotaka kucheza mdunguaji huanza kwa kosa hilohilo la kununua umbali, na umbali ndio kitu kinachotumika kidogo kuliko vyote mezani. Piga hesabu. Mraba mmoja wa ramani ni futi 5. Ramani ya miraba 30 kwa 20, ambayo ni kubwa, ina urefu wa futi 150. Upinde mrefu unapiga futi 150 bila taabu yoyote, na kutoka hapo hadi 600 unapiga kwa kikwazo, yaani unarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo ndogo. Kwa hiyo ramani nzima imekwisha ukiwa umefika robo tu ya umbali uliojivunia. Vinavyomfanya mdunguaji atishe ni vitatu: mshale unaoumiza, mahali anaposimama, na namna anavyotoweka baada ya kupiga.

Kabla ya lolote muulize msimamizi mnafuata kitabu cha mwaka gani. Katika kanuni za 2014, kipaji (feat, uwezo wa ziada wa mhusika) cha Sharpshooter kinakuruhusu kujipunguzia 5 kwenye dadu ya kulenga ili uongeze 10 kwenye majeraha. Katika kanuni za 2024 biashara hiyo imeondolewa: umebaki uwezo wa kupuuza vificho na umbali, pamoja na kupiga bila kikwazo adui akiwa ubavuni. Mtu akichanganya vitabu viwili anajenga mhusika asiyekuwepo. Msomaji wetu anatumia ile ya 2014, na hesabu zote hapa ni za hiyo.

Msingi ulio imara ni binadamu wa aina ya pili, yule anayepewa kipaji tangu ngazi ya 1. Kwa pointi 27 za kununulia sifa, weka wepesi 15, afya 15, busara 14, nguvu 10, akili 8, haiba 8, kisha ongeza 1 kwenye wepesi na 1 kwenye afya, zote zifike 16. Usiikate busara; ndiyo macho yako, na mdunguaji asiyeona hana kazi. Chukua faita, mtindo wa mapigano wa Archery unaokupa +2 ya kulenga, na kipaji cha Sharpshooter. Ngazi ya 3 ingia tawi la Battle Master. Ngazi ya 4 pandisha wepesi uwe 18. Ngazi ya 5 unapiga mara mbili kwa zamu.

Je, ile -5 kwa +10 inalipa? Hapa ndipo watu hubahatisha, na hakuna haja. Faita wa ngazi ya 5 analenga kwa +9, yaani anaongeza 9 kwenye dadu ya pande 20, na jumla ikifikia kinga ya adui amempata. Adui mwenye kinga 15: ukipiga kawaida unampata mara 75 kwa 100, wastani wa jeraha ni 8.5, kwa hiyo kila mshale una thamani ya 6.4 hivi. Ukijipunguzia 5, unampata mara 50 kwa 100 lakini jeraha ni 18.5, thamani 9.25. Inalipa sana. Kinga ikifika 20, ni 4.25 dhidi ya 4.6, bado inalipa, kwa shida. Kinga 21, acha, piga kawaida. Andika namba hiyo pembeni ya karatasi ya mhusika usimchoshe mwenzio kwa kuhesabu kila zamu.

Battle Master ana dadu nne za pande 8 zinazorudi akipumzika, hata mapumziko mafupi. Hila ya Precision Attack inakuruhusu kuongeza moja baada ya kuona umekosa. Usiitumie kila unapokosa. Ukikosa kwa 1 hadi 4, tumia. Hata kwa 4 una nafasi 5 kati ya 8. Ukikosa kwa 7, iache dadu yako ikae. Na mwombe mwenzenu anayecheza kasisi akubariki kwa uchawi wa Bless, unaoongeza dadu kwenye kulenga kwako: dadu ya pande 4 ina wastani wa 2.5, nusu ya ile 5 uliyoitoa.

Rogi (rogue, mnyemeleaji) ni hadithi tofauti. Ana mshale mmoja tu kwa zamu, na nguvu yake ni shambulio la kunyemelea, dadu 3 za pande 6 kwa ngazi ya 5. Akijipunguzia 5 bila nafuu (kinyume cha kikwazo: dadu mbili, unachukua iliyo kubwa), dhidi ya kinga 15 anashuka kutoka 11.7 hadi 11.2. Akiwa na nafuu anapanda kutoka 15.8 hadi 17.9. Kwa hiyo rogi asiyejificha kwanza na asiguse Sharpshooter. Tawi lake la Assassin linawavutia wengi kwa sababu ya pigo la adui aliyeshtukiwa, lakini adui hushtukiwa mara chache kuliko mnavyodhani. Mwenzenu mmoja aliyevaa deraya ya chuma anatosha kuamsha mtaa mzima.

Sasa mahali. Mji wa aina ya Mkomani haumnyimi mdunguaji nafasi, unamwambia apande juu. Nyumba zina paa bapa na kuta za pembeni. Ukuta unaofunika robo tatu ya mwili unakupa +5 ya kinga, na wewe mwenye Sharpshooter unapuuza vificho vya nusu na robo tatu vya adui. Lakini usikae ukichungulia. Mwendo wako wa futi 30 unaweza kugawika: toka futi 10, piga mishale miwili, rudi futi 10 nyuma ya ukuta mzima. Aliyefunikwa kabisa halengwi. Adui atalazimika kupoteza tendo lake akingoja uchomoze, na hiyo peke yake ni kazi uliyowafanyia wenzako.

Paa lina ngazi moja, na hapo ndipo wadunguaji hufia. Nunua mfuko wa miiba ya chuma, sarafu 1 ya dhahabu kwa 20, uimwage kwenye mraba mmoja wa ngazi. Apandaye asipofikisha 15 kwenye dadu ya wepesi anasimama hapohapo. Nunua kamba ya futi 50 kwa sarafu 1 na kulabu kwa sarafu 2, uifunge upande wa pili kabla vita havijaanza, maana kuanguka ni dadu ya pande 6 kwa kila futi 10. Kama msimamizi amechora wikio, ule ukumbi unaovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, umepata daraja la kukimbilia na dirisha la kupigia kwa pamoja. Kama hajachora, mwombe. Mji bila wikio si Lamu.

Mengine yanayoharibu mambo: adui akiwa ndani ya futi 5 unapiga kwa kikwazo. Adui aliyelala chini vilevile unampiga kwa kikwazo, basi mwambie mpiganaji wenu wa mbele asiwaangushe uliowalenga. Hili huleta ugomvi mezani na kosa si la mtu. Lisemwe mapema tu. Giza: macho ya gizani ya jamii nyingi yanaishia futi 60, na binadamu hana kabisa, kwa hiyo mtu arushe mwenge. Mbilikimo wa aina ya gnome na hafulingi (halfling), ambao ni wadogo, wasishike upinde mrefu, ni silaha nzito, wanapiga kwa kikwazo daima. Ukipiga, umejulikana ulipo, upate au ukose. Kipaji cha Skulker kinakusamehe ukikosa tu, ukiwa umejificha. Mishale 20 ni sarafu 1, na baada ya vita dakika moja ya kuokota inakurudishia nusu.

Nakurudia wewe wa Langoni. Ngazi ya 6 faita anapata kipaji kingine au nyongeza ya wepesi. Usipandishe wepesi bado. Chukua Crossbow Expert na upinde wa kifyatuo, ule mdogo wa mkono mmoja, sarafu 75. Adui wa ndani ya futi 5 hakusumbui tena, na unapata pigo la tatu kama tendo la ziada. Unafika futi 30 tu kwa kawaida, lakini kwa Sharpshooter unafika 120 bila kikwazo, miraba 24, mbali kuliko kichochoro chochote ambacho msimamizi wako atachora. Dhidi ya kinga 15, mishale miwili ya upinde mrefu ina thamani ya 18.5 kwa zamu. Mitatu ya huu mdogo ni 26.25. Mkono wa pili uwe mtupu, unahitajika kupakia.

Upinde mrefu usiuuze. Ufunge mgongoni, siku mtakapotoka mjini mkafuata mchanga wa Shela, au mkisubiri mashua zikwame maji yakipwa, utauhitaji. Pale hakuna ukuta wa kurudi nyuma yake, kwa hiyo lala chini ukishapiga: wa mbali watakulenga kwa kikwazo. Na kabla hujapiga tena inuka kwa nusu ya mwendo wako, kwani ukipiga ukiwa umelala, kikwazo ni chako.